Moshi Ulionisomesha

Kabla sijasonga mbele naomba radhi. Hii si hadithi ya sungura na fisi, wala si insha ya mtihani ambayo mtu huibandika methali mwishoni ili apewe alama. Ni kisa changu mwenyewe. Nimekiandika kwa sababu mlezi wa chama chetu aliniambia kwamba jambo likishaandikwa, halimli tena mtu kwa ndani.

Kisa kilianza Ijumaa moja ya muhula wa pili, mwaka jana. Tulikuwa tumekutana kama ada yetu baada ya masomo ya jioni. Mwalimu mlezi akaandika swali moja tu ubaoni: "Ni nani anayechafua hewa ya Voi?" Akatupa juma zima la kuandika, na atakayeandika vizuri angesoma insha yake mbele ya shule nzima kwenye gwaride la Jumatatu.

Mimi sikuona haja ya juma zima. Usiku uo huo nilikalia kiti, nikashika kalamu na kuwashtaki watu. Niliyashtaki malori ya Mombasa. Nikalishtaki treni. Nikazishtaki nchi tajiri zenye viwanda vingi, nikavishtaki na viwanda vya Nairobi ambavyo sijawahi kuviona kwa macho. Kurasa tatu zilijaa. Nililala nikiwa nimeridhika kama hakimu aliyemaliza kesi.

Daftari liliporudi halikuwa na alama yoyote. Pale chini Mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Washtakiwa wote ni wageni. Je, wenyeji hawapiki?"

Darasa liliangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu akanyamazisha kicheko kile, akaniambia kwa upole, "Jumamosi mchukue mwenzako, mtembee mji mzima. Andika kila moshi utakaouona. Hata ukitoka nyumbani kwenu, andika."

Sikumjibu. Mwalimu hakujua kwamba baba yangu ni mchoma mkaa. Kwa kweli hakuna aliyejua. Tangu Kidato cha Kwanza, nikiulizwa kazi ya baba nilikuwa nasema, "Ni mkulima."

Jumamosi ilipowadia, mimi na rafiki yangu tulirauka alfajiri tukapanda sehemu ya mwinuko kuutazama mji kutoka juu. Ama kwa hakika sikuwahi kuuona hivyo. Mlima Sagalla ulikuwa umesimama wazi kabisa, kichwa chake safi. Lakini chini yetu, juu ya mapaa ya mabati, ulikuwa umetandazwa moshi kama shuka kuukuu. Haukupanda wala haukushuka. Rafiki yangu, ambaye ni bingwa wa fizikia, alinieleza sababu. Usiku ardhi hupoa, nayo hewa iliyo karibu nayo hupoa pia na kuwa nzito. Hewa ya juu hubaki na joto. Basi ile hewa ya joto huwa kama kifuniko cha sufuria, na moshi wa chini hukosa pa kutokea. Jua likipanda na ardhi ikipata moto, kifuniko hufunguka. Ndiyo maana asubuhi mapema ndipo pua huwasha, na ifikapo saa nne mtu husema, "Mbona hewa ni safi tu?"

Tuliteremka tukaanza na barabara kuu, kwani nilitaka kuthibitisha kwamba sikukosea. Malori yanayotoka bandari ya Mombasa hupita hapa, yakienda Nairobi, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini hata Kongo. Mengine husimama hapa madereva wakala, wakalala. Tulimkuta dereva mmoja akinywa chai kando ya lori lake, nalo lori linanguruma na kutoa moshi mweusi kwa nyuma.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia. "Mbona gari limesimama na injini inawaka?"

"Marahaba, kijana. Injini hii ni kuukuu. Nikiizima, kuiwasha ni kazi. Halafu hizo breki zinataka upepo. Upepo ukiisha, gari haling'oki hapa."

"Na huo moshi haukusumbui?"

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mimi huo moshi nalala nao! Nikifika nyumbani Jomvu, mke wangu ananiuliza kama siku hizi nimeajiriwa mpishi." Kisha akaacha kucheka. "Kifua kinabana kidogo, ndiyo. Lakini mzigo lazima ufike."

Niliandika: lori, moja. Nikaandika pia yale maneno ya kifua, ingawa hatukuagizwa kuandika vifua vya watu.

Sharti niseme kweli kuhusu magari. Hali ilikuwa mbaya zaidi zamani. Hadi mwaka 2006 Kenya ilikuwa ikitumia petroli yenye risasi, madini ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Ilipigwa marufuku na leo hakuna kituo kinachoiuza. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilipunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba hewa ni kazi ya Mungu pekee. Binadamu akiamua, hewa hubadilika. Lakini mafuta safi yakitiwa ndani ya injini mbovu, moshi hauishi.

Kutoka hapo tulielekea kwenye reli. Mji huu ulikuzwa na reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1898 ulikwama kwa muda pale mto Tsavo kwa sababu ya wale simba wawili walioonja nyama ya watu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia likajengwa tawi la kwenda Taveta. Wazee wetu walipoliona lile dude likipumua moto na masizi, waliliita garimoshi, na jina likabaki. Tangu mwaka 2017 tuna reli mpya ya kisasa na kituo chake hapa Voi. Treni za reli hiyo zinaendeshwa kwa dizeli, kwa hivyo bado ni garimoshi. Lakini ile iliyobeba abiria ilipita mara moja, moshi kidogo ukapeperuka, ikaenda zake na watu chungu nzima tumboni mwake. Rafiki yangu akanikumbusha kwamba watu wale wangepanda magari, wangejaza barabara. Nikaandika: treni, moja. Mkono wangu ukaanza kuwa mzito, kwani mshtakiwa wangu mkuu alionekana kuwa na wakili mzuri.

Karibu na soko mambo yakawa mengi. Mafundi wa jua kali walikuwa wakichomea vyuma na kupuliza rangi, na rangi ile ilitukaba koo tukiwa hatua ishirini. Bodaboda ziliwashwa kwa pamoja kama mbio za ngalawa. Mama mmoja alikuwa akikaanga maandazi, macho yake mekundu, mtoto amefungwa mgongoni na pua yake imeelekea kwenye karai. Kando ya mtaro, takataka zilikuwa zikiungua taratibu: maganda, makaratasi, chupa za plastiki, kiatu kimoja cha mpira. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na sote tunajua jinsi mji ulivyopumua. Lakini chupa na karatasi za nailoni za kufungia bidhaa bado zipo, nasi huzichoma. Plastiki ikiungua kwa moto mdogo hutoa sumu iitwayo dioksini, ambayo haionekani wala haisahau. Hukaa mwilini miaka.

Na vumbi je? Msomaji wa Taita Taveta hahitaji kuhadithiwa vumbi. Ndovu wa Tsavo wamepata sifa dunia nzima kwa wekundu wao, na wageni hulipa pesa nyingi kuja kuwapiga picha. Ule si wekundu wa ngozi. Ni udongo wetu. Upepo wa nyika ya Taru ukivuma wakati wa kiangazi, udongo uo huo huingia ndani ya sufuria, ndani ya kitabu, ndani ya kifua. Ongeza malori ya mchanga, barabara za murramu, na vumbi la nyuzi katika viwanda vya mkonge. Ongeza na machimbo ya vito ya huko Kasigau, ambako vijana huvunja mawe wakitafuta tsavoriti, kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo yetu. Vumbi la mawe lina silika, na silika hukata mapafu kama vigae. Niliyaandika yote.

Kisha tukaingia mitaani, Sofia, Kaloleni na Mwakingali, na hapo ndipo kalamu yangu ilipochoka. Nyumba hii jiko la mkaa mlangoni. Nyumba hii kuni. Nyumba hii kibatari. Ile pale mama anawasha jiko kwa kipande cha plastiki ili lishike upesi. Tulipofika nyumba ya thelathini tukaacha kuhesabu. Rafiki yangu akanitazama, akasema, "Ndugu yangu, ile shuka tuliyoiona asubuhi imefumwa hapa."

Mwisho tulipitia shuleni. Nyuma ya jikoni, bomba la moshi lilikuwa limetoboka, na wapishi wetu walikuwa wakikoroga githeri huku wamefunga leso puani. Kuni zilikuwa mbichi, zinatoa povu nchani. Na kule shimoni, taka za mabweni zilikuwa zikiungua. Nilitambua karatasi ya biskuti niliyoila mwenyewe Alhamisi. Naam! Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilirudi nyumbani na orodha ndefu, lakini moshi mmoja sikuuandika. Nilijiambia kwamba Baba huchomea mkaa mbali, huko Maungu, na huko si mjini. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya kwa mwezi mzima.

Mwezi wa Julai huwa na baridi kwetu, si baridi ya Wundanyi, lakini ya kutosha kumfanya mtu atafute blanketi. Usiku mmoja Mama alimaliza kupika akaliingiza jiko ndani, makaa yakiwa bado mekundu, ili tupate joto. Tukafunga dirisha na mlango. Tulifanya hivyo kila mwaka. Magunia matatu ya mkaa ya kuuza rejareja yalikuwa pale pale chumbani, nyuma ya kitanda cha dadangu mdogo, kitinda mimba wetu.

Saa nane hivi za usiku nikaamshwa na sauti kama ya mtu anayepuliza chupa. Alikuwa dadangu. Amekaa kitandani, mikono ameishika magoti, mabega yanapanda na kushuka, na kila akivuta pumzi shingo inaingia ndani. Alikuwa na pumu tangu utotoni, lakini haikuwahi kumbana hivyo. Nilipojaribu kuinuka, kichwa changu kiliniuma kama kilichopigwa nyundo. Mama alifungua mlango akipiga kelele. Jirani yetu wa bodaboda akatoka na pikipiki yake hata bila viatu, Mungu ambariki. Mama akamkumbatia mtoto, wakaenda hospitalini. Nami nikawafuata mbio kwa miguu.

Nilipofika nilimkuta amevalishwa kifaa usoni chenye bomba, kinatoa dawa kama mvuke. Alipopata nafuu kidogo, alinionyesha lile bomba akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, wamenipa pua ya ndovu." Nilicheka, halafu nikatoka nje nikalia.

Daktari, mama wa makamo, alituita. Hakutufokea. Aliuliza tu, "Mnapikia nini?"

"Mkaa," Mama akajibu.

"Mnapikia wapi?"

"Mlangoni. Lakini baridi ikiwa kali…"

"Jiko mnaliingiza ndani." Daktari alimalizia mwenyewe, kama aliyekwisha kusikia jambo hilo mara elfu. "Mama, nyinyi nyote mngelala moja kwa moja. Mkaa una gesi isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksidi. Inaingia damuni ikachukua nafasi ya hewa nzuri. Mtu anasikia usingizi, basi. Huyu mtoto kwa kubanwa kifua ndiye aliyewaamsha."

Maneno hayo sijayasahau. Yule tuliyedhani tunamwokoa, ndiye aliyetuokoa.

Tangu siku hiyo nilianza kusoma kila kitu kuhusu moshi. Nikajifunza kwamba katika moshi kuna chembechembe ndogo mno, za mikromita 2.5 au chini yake. Unywele mmoja ni mnene kuzishinda mara thelathini hivi. Pua haiwezi kuzizuia. Huzama hadi ndani ya mapafu na nyingine huingia damuni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba kwa wastani wa mwaka, hewa isizidi mikrogramu 5 za chembe hizo katika mita moja ya ujazo. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba moshi wa majumbani peke yake uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto wengi wa chini ya miaka mitano.

Nikasoma pia habari za London. Desemba 1952 kifuniko kama kile cha Voi kiliufunika mji huo kwa siku 5, na watu elfu nne au zaidi wakafa. Viwanda vilikuwa na lawama, lakini hata majiko ya majumbani ya makaa ya mawe yalikuwa na lawama kubwa. Mwaka 1956 wakatunga sheria ya hewa safi. Karibu zaidi nasi, huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza risasi hewani na majini hadi watoto wakaugua. Phyllis Omido, mama mmoja ambaye mwanawe alipatwa na sumu hiyo, alipigana bila kuchoka. Akatuzwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kifungu cha 42 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Niliposoma hayo nilijiuliza: mama yule alijua amshtaki nani. Mimi nimshtaki nani? Baba?

Likizo ya Agosti ilipofika nilitumwa kumsaidia. Ningependa wewe uliyezoea kuona mkaa ukiwa guniani ujue unavyotoka. Baba hukata migunga, akaipanga magogo makubwa chini na madogo juu. Hufunika kwa nyasi na majani, kisha udongo, akaacha mdomo mmoja wa kuwashia. Moto ukishika, mdomo huzibwa. Kuanzia hapo hakuna kulala. Moshi wa kwanza ni mweupe na mzito, maji ya mti yanatoka. Kisha huwa wa manjano, mchungu, wenye kuuma macho. Ukigeuka kuwa mwembamba wa samawati, mkaa umeiva. Udongo ukipasuka mahali, lazima uzibe mara moja, la sivyo hewa itaingia na kazi ya siku nyingi iwe jivu. Na kwa tanuri kama hilo, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Zilizobaki zote zimekuwa moshi. Yaani mti mzima tunauchoma ili tupate mkono wake.

Usiku wa tatu tulikuwa tumekaa kando ya tanuri. Baba alikuwa akikohoa kile kikohozi chake ambacho sisi tuliita "saa ya Baba", kwa kuwa kilituamsha kila alfajiri. Nikajipa moyo.

"Baba, daktari alisema kuhusu moshi…"

"Mamako alinipigia simu. Najua alivyosema."

Kimya. Mbali, fisi akalia.

"Wewe uko kidato gani?" akaniuliza.

"Cha Tatu, Baba."

"Cha Kwanza ulilipiwa karo na nini?"

"Mkaa."

"Cha Pili?"

"Mkaa, Baba."

"Basi haya mambo ya moshi, unaniuliza mimi ama unajiuliza mwenyewe?"

Sikuwa na jibu. Ndugu msomaji, na wewe huna. Baba akachukua koleo, akaziba ufa uliokuwa umeanza kutoa moshi, akarudi kukaa. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Usidhani napenda. Mimi nilikuwa mkulima, si unajua? Ule ukame wa mwaka 2020 kwenda mbele ulikausha mahindi misimu mingi mfululizo. Yaliyobaki, ndovu wakaja usiku mmoja wakamaliza. Mkaa ndovu hali. Ndiyo maana."

Kumbe sikuwa nikidanganya kabisa nilipowaambia watu kwamba Baba ni mkulima. Nilikuwa nasema habari ya zamani.

"Siwezi kuacha leo," akaendelea. "Lakini jiko litoke ndani ya nyumba. Na magunia yatoke. Hilo naliweza."

Na kweli alilifanya. Tuliporudi Voi alijenga jiko la nje kwa mabati kuukuu, akaacha nafasi pana chini ya paa ili moshi utoke. Mama akaacha kuwasha kwa plastiki. Magunia yakahamishiwa kibandani. Baba alikwenda pia Sagalla kutazama uzio wa mizinga ya nyuki ambao shirika la Save the Elephants limekuwa likiufanyia utafiti na wakulima wa huko. Mizinga hutundikwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, na ndovu hutimua mbio. Baba amepata mizinga miwili. Mmoja nyuki wameingia, wa pili bado ni mtupu. Msimu uliopita alipanda pojo, si nyingi, lakini tulizila sisi na si ndovu.

Niliandika insha yangu upya muhula wa tatu ulipofunguliwa. Safari hii ilianza hivi: "Baba yangu ni mchoma mkaa, na moshi ndio ulionisomesha." Mwalimu aliisoma akanyamaza, kisha akauliza kama ningependa kuisoma gwarideni ama asome yeye bila kutaja jina. Nikasema nitasoma mwenyewe. Magoti yalinigonga. Nilingoja kicheko kama kile cha kwanza.

Hakuna aliyecheka. Nilipomaliza, na wakati wa mapumziko, mwenzetu mmoja ambaye hujulikana kwa maringo alinijia akasema, "Yule mama wa maandazi mliyemwona sokoni ni mamangu. Yule mtoto mgongoni ni wetu. Anakohoa." Mwingine akasema baba yake ni utingo wa lori. Mwingine babu yake alistaafu mkonge na kifua kibovu. Ikawa ni kama kila mmoja alikuwa na moshi wake mfukoni akiogopa kuutoa.

Tulikwenda kwa Mwalimu Mkuu tukiwa kundi. Alitusikiliza. Sasa shimo la taka halichomwi ovyo: maganda huenda kwenye mboji ya shamba la shule, plastiki hutengwa. Kuni huanikwa chini ya kibanda hadi zikauke, na bomba la jikoni limezibwa. Si makubwa, lakini wapishi wetu siku hizi hupika bila leso puani, na mmoja wao husema hata githeri limeongezeka ladha. Hilo la ladha nakuachia wewe uamue.

Sitakudanganya kwamba mambo yote yamekuwa shwari. Baba bado huchoma mkaa, ingawa tanuri zimepungua. Karo yangu ya muhula huu, nusu ilitoka kwa mkaa, nusu kwa pojo na vibarua. Dadangu bado ana pumu, lakini tangu jiko litoke nje hajarudi hospitalini usiku. Ile "pua ya ndovu" anaisimulia kwa wenzake kama hadithi ya ushujaa.

Kwa hivyo, mwenzangu, usiku wa leo kabla hujafunga dirisha, tazama jiko liko wapi. Kesho alfajiri, ukipata nafasi, panda mahali pa juu uitazame ile shuka iliyotandwa juu ya mji wetu. Utafute uzi wako ndani yake. Mimi wangu nimeuona, na sina tena haja ya kuuficha.